Jina la Mtu Halibandikwi Ovyo

Nasaha kwa vijana wa Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa wanaotengeneza vigae vya zawadi

Wajukuu zangu wa Kyela mjini, Ipinda, Ngonga, Matema na Itungi, na ninyi mliopanda Tukuyu na Mbeya kutafuta riziki, nimeiona kazi yenu. Mnachukua kigae cha ukutani, kile fundi anachokiita tailizi, mnakisafisha, mnakibandika jina la mtu kwa stika iliyokatwa kwa mashine, mnakipa kisimamio cha mbao, basi kinakuwa zawadi. Nimevikuta mezani kwenye kipaimara, kwenye sendofu, kwenye mahafali ya kidato cha nne, na kwenye nyumba moja niliyoingia kimoja kilikuwa kimewekwa juu ya kabati, mahali ambapo zamani ilikaa picha ya harusi.

Mimi nimekula kwa kuandika majina. Nimeandika kwa brashi na rangi ya mafuta kwenye mbao za maduka, kwenye ubavu wa mitumbwi na boti, kwenye milango ya magari. Mashine yenu ni ya zama zenu. Lakini herufi ninazijua, na watu wanaopewa hizo herufi ninawajua zaidi. Kwa hiyo nina maneno ya kuwaambia, nanyi mchague yanayowafaa.

Kwanza, msiidharau kazi hii, wala msimwache mtu awaambie kwamba ni mambo ya kuiga. Kupamba nyumba kwa kitu cha udongo uliochomwa na kumpa mtu zawadi yenye maneno ni mambo ya watu wetu tangu zamani. Huko pwani, Kaole na Kunduchi, mafundi walipachika bakuli na sahani za kaure kutoka China kwenye nguzo za makaburi ya wakubwa wao. Kanga nayo, mwanamke humpa mwenzake nguo na ujumbe kwa pamoja, na mara nyingi ujumbe ndio unaochaguliwa kwanza, rangi baadaye. Hata huku kwetu, Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alistaajabu kwa usafi wa vijiji na nyumba za mianzi zilizokaa katikati ya migomba. Kuta zile zilijazwa udongo baina ya mianzi, na wenye nyumba walijua kuziremba. Mnachofanya ninyi ni tawi jipya la mti wa zamani.

Kama mnataka mwalimu wa karibu zaidi, msiende mbali. Nendeni Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi, mkawaangalie akina mama wa Kikisi wakishusha vyungu. Vyungu hivyo vinatoka Ikombe na vijiji vingine vilivyobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone, mahali ambapo shamba ni dogo na njia ya kubeba mzigo ni ziwa. Chungu kimefinyangwa kwa mkono, kimelainishwa, kimepakwa udongo mwekundu, kimechorwa, kimechomwa kwa moto wa wazi, kisha kimepakiwa kwenye mtumbwi. Mkae pembeni mwangalie mnunuzi anavyofanya. Anakipigapiga kwa kidole asikilize mlio. Anakiinua kwenye mwanga atafute ufa. Anapitisha kiganja ndani. Mama mwenye chungu hasemi neno, kwa sababu alikwisha kufanya hayo yote kabla ya kukipakia. Hicho ndicho kipimo nitakachowapimia leo: kazi yako iwe imekwisha kuchunguzwa na mkono wako mwenyewe kabla haijafika kwenye mkono wa mwingine.

Sasa nije kwenye jina, maana ndilo linalobeba kazi nzima.

Majina yetu yana urefu na yana vishimo. Mtu anaitwa Anyelwisye, mwingine Tupokigwe, mwingine Ambakisye. Ukiiacha y moja, umemwandika mtu ambaye hayupo. Yuko Mwakyusa na yuko anayejiandika Mwakiusa, na wote wawili wako sahihi, kwa sababu jina ni la mwenyewe na yeye ndiye anayejua lilivyoandikwa kwenye cheti chake. Usiandike kwa kusikia. Mteja akupe jina kwa maandishi, wewe ulipange, umrudishie picha kwenye simu, naye akujibu kwamba ameliona na amelikubali, herufi kwa herufi. Tarehe nayo ifanye hivyo hivyo, na mwezi uuandike kwa neno, maana 4/6 mmoja ataisoma Juni na mwingine ataisoma Aprili. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumpa bibi harusi kigae chenye jina la mwanamke mwingine mbele ya kamati nzima.

Halafu ujue ni jina lipi. Jina la kitambulisho si lazima liwe jina la zawadi. Mama aliyelea watoto wanane na wajukuu wasiohesabika, kijiji chote kinamwita Mama Lusajo. Ukimwandikia majina matatu kama ya kadi ya mpiga kura, ataona umemletea hati, hujamletea zawadi. Mzee naye usimwandike jina tupu kama unamwita uwanjani. Andika Babu, andika Mzee, andika Mwalimu kama alifundisha. Uliza nyumbani anaitwaje, kisha uandike hivyo.

Na hapa nawaomba vijana wa siku hizi mtege masikio. Katika mila za Wanyakyusa, mke aliyeolewa alimstahi baba mkwe kwa namna ya pekee: hakukutana naye uso kwa uso, wala hakutamka jina lake. Wapo ambao leo wamelegeza, na wapo wazee ambao bado jambo hilo liko moyoni mwao hata kama hawalisemi. Sasa akija binti, mkwe mpya, akitaka kigae chenye jina la baba mkwe kwa herufi kubwa, likiwa limetangulizwa na maneno "kutoka kwa mkweo", usikimbilie mashine. Muulize kwa upole kama ameongea na mume wake. Mwonyeshe njia nyingine: zawadi itoke kwa wote wawili, au iandikwe Baba, au iandikwe jina la ukoo. Ukifanya hivyo umemwokoa binti wa watu na aibu ambayo asingeijua hadi siku ya siku. Fundi anayeandika majina ya watu ni mshenga wa namna yake, na mshenga mzuri anajua mambo ambayo hakuulizwa.

Kwa wanandoa, majina mawili yawe na ukubwa mmoja. Nimeona kigae ambacho jina la bwana linajaza nusu ya uso na la mke limekunjwa chini kama anwani. Wataishi nacho hicho miaka yote.

Twende kwenye herufi zenyewe. Kompyuta inawapa mitindo mingi ya maandishi, nanyi mnapenda ile iliyojikunja kama mizabibu. Ni mizuri kwa jina fupi. Kwa jina kama Mwakatumbula, refu na lenye herufi pana, mapambo yakizidi mtu wa kwanza kulisoma atakwama katikati. Chagueni herufi inayosomeka na mtu aliyesimama upande wa pili wa chumba, maana kigae husomwa kutoka kwenye kochi. Herufi kubwa ianze, ndogo zifuate. Jina lote likiwa kwa herufi kubwa linachukua nafasi na linapiga kelele. Na mwachane na imani kwamba mashine inapanga nafasi vizuri. A ikikaa karibu na W au V huacha pengo ambalo rula halilioni na jicho linaliona. Sogezeni kwa jicho. Sisi wa brashi tulikuwa tunasimama hatua kadhaa nyuma ya bango tukiwa tumefumba jicho nusu; nanyi fanyeni hivyo mbele ya kioo cha kompyuta kabla ya kukata. Mistari iliyo myembamba kama uzi iepukeni kabisa, kwa kuwa haina mwili wa kushika na ndiyo inayotangulia kubanduka.

Kijana mmoja wa kwetu aliniletea kigae cha kipaimara nikitazame. Kwa mbali kilipendeza: kigae cheupe, jina kwa rangi ya zambarau, mwaka chini yake. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa herufi ya kwanza. Ukaingia. Nikageuza kigae kwenye mwanga wa mlango, nikaona vilengelenge vidogo vya hewa chini ya herufi mbili, na alama ya kidole cha mafuta pembeni ya mwaka. Nikamuuliza alikisafisha kwa kitu gani. Akasema alikifuta kwa shati. Basi tukaanza upya, na niliyomwambia siku ile nawaambia na ninyi.

Stika si zote sawa. Ipo iliyotengenezwa kudumu na ipo iliyotengenezwa ili ibanduliwe baadaye bila kuacha gundi. Kampuni ya Orafol ya Ujerumani, ambayo stika zake za Oracal mnazisikia kwa mafundi wa mabango, huipa ile ya kudumu namba 651 na ile ya kubandua ukutani namba 631. Kwa kigae cha zawadi mnataka ya kudumu. Kwenye maduka yetu mara nyingi mnakatiwa mita kutoka kwenye bunda lisilo na karatasi yake, hata muuzaji hajui ni ipi. Dawa yake ni rahisi: chukua kipande cha kigae kilichovunjika, ubandike herufi moja, iache siku nzima, kisha ulaze kipande hicho kwenye maji usiku kucha. Asubuhi jaribu kwa ukucha. Ikishika, nunua. Ikinyanyuka, mrudishie mwenyewe.

Kigae nacho kina tabia yake. Chagueni chenye uso laini unaong'aa. Chenye mikwaruzo au vinundu kinaipa gundi mahali pachache pa kushika. Upande wa nyuma, ambao haujapakwa kioo, hunywa maji. Kyela mnaijua, Machi hadi Mei mvua haina adabu, na kigae kilicholazwa chini kwenye sakafu ya stoo kinakuwa na unyevu ambao hauuoni. Kiwekeni juu ya rafu, mkikaushe kabla ya kazi. Vigae siku hizi vinatengenezwa hapa hapa nchini, Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na mafundi wanaomaliza kujenga nyumba hubaki na vipande vizima viwili vitatu ambavyo mwenye nyumba havihitaji. Zungumzeni nao. Mkikata kigae, ukingo uliokatwa unachana kama wembe. Upigeni msasa au jiwe la kunolea hadi kiganja kipite bila kukwama, kwa sababu mtoto ndiye atakayekishika kwanza.

Osha mikono. Nyumba zetu zina mawese, na vidole vilivyopika mboga vina mafuta hata baada ya kufutwa kwa kitambaa. Pangusa uso wa kigae kwa spiriti na kitambaa safi kisichoacha nyuzi, uache ukauke, na kuanzia hapo shika kigae pembeni tu. Ukishakata stika na kutoa mabaki kati ya herufi kwa ncha ya pini, bandika juu yake ile tepu ya kuhamishia, uisugue. Pima katikati ya kigae kwa rula na uweke alama kwa penseli. Laza kazi yako mahali pake ikiwa bado na karatasi ya nyuma, uishike kwa kipande cha tepu upande wa juu ili ifunguke na kujifunga kama bawaba. Ndipo uvute karatasi ya nyuma na uanze kulaza kuanzia katikati kwenda pembeni, huku kadi ngumu ikifukuza hewa mbele yake. Sugua tena, hasa kwenye kona za herufi. Tepu ivute taratibu ukiikunja kurudi nyuma, ikilala karibu na kigae. Usiivute kwenda juu. Herufi ikinyanyuka nayo, irudishe chini, sugua, vuta tena. Haraka haraka haina baraka, na hapa utaiona kwa macho.

Kisha kiache. Gundi inataka siku moja au zaidi ya kutulia kabla kigae hakijafungwa wala kufutwa. Kijana anayebandika saa nne asubuhi kwa ajili ya sherehe ya saa nane mchana anacheza kamari na jina la mtu.

Lingine kubwa ni ukweli kuhusu kitu chenyewe. Stika hizi ni plastiki ya PVC, na plastiki hiyo hulainika kwa joto lililo chini ya joto la maji yanayochemka. Mteja atakuuliza, "Naweza kuwekea sufuria ya wali juu yake?" Mwambie hapana, hata kama atasita kununua. Wali wa Kyela uliotoka jikoni utayeyusha gundi na jina litahama na sufuria. Mwambie pia kwamba si sahani: nyama haikatwi juu yake na chakula hakilazwi juu ya stika. Ni cha kutazamwa, cha kuwekwa kikombe cha chai iliyopoa, cha kutundikwa mahali pakavu. Kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kisisuguliwe kwa steelwaya wala kulowekwa kwenye beseni. Maneno haya yaandikwe kwenye kikaratasi na kiende pamoja na zawadi, kwa kuwa anayenunua siye anayetumia.

Na lipo ombi moja ambalo litawajia, tena kutoka kwa watu walio kwenye majonzi. Kwetu tunazika nyumbani, kwenye migomba na mikakao, na siku hizi makaburi mengi yanajengewa kwa saruji na vigae. Mtu atakuja na kusema, "Niandikieni jina la baba kwenye kigae, tukipachike kaburini." Nawaomba msifanye kwa stika. Jua la Kyela na mvua yake vitaila rangi, kingo zitakunjamana, na siku wajukuu watakaporudi kutoka Dar es Salaam kuangalia kaburi watakuta kigae cheupe. Waelekezeni kwa fundi wa kuchonga, herufi ziingie ndani ya jiwe. Kama wanataka kitu kutoka kwenu, watengenezeeni kigae cha kumbukumbu cha ndani ya nyumba, cha kuwekwa sebuleni, jina na miaka ya kuzaliwa na kufariki. Mtakuwa mmewahudumia kwa haki, nao watawakumbuka.

Tuje kwenye michoro. Naona maua ya Ulaya, naona mioyo, naona vibonzo vya Marekani. Mna ziwa mbele yenu lenye kina cha takribani mita 700 na milima inayoangukia majini, mna mtumbwi, mna usipa waliotandazwa juani, mna matunda ya kakao yenye rangi tatu kwenye mti mmoja, mna suke la mpunga. Mtu wa Kyela anayefanya kazi Mwanza au Muscat atanunua kipi: ua asilolijua au Matema yake? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia ubao wa masonaiti na rangi ya baiskeli, vitu vya bei ya chini kabisa. Alifariki mwaka 1972, na jina lake hadi leo ni jina la uchoraji mzima. Vifaa vya bei ndogo havikumpunguzia kitu, kwa sababu wanyama na ndege aliowachora walikuwa wake.

Mkitaka kutumia mapambo ya vyungu vya Wakisi, nendeni kwa wenyewe, muombe, muwalipe, na mwandike nyuma ya kigae mapambo yametoka wapi. Afadhali zaidi mfanye nao kazi: mama anayefinyanga chungu hatashindwa kufinyanga kisimamio cha kigae, na zawadi itakayounganisha mkono wa Ikombe na mkono wa kijana wa Kyela mjini haitapatikana duka lolote la Kariakoo. Nembo za timu nazo mziangalie. Najua Yanga na Simba zinauzika kuliko kitu chochote, lakini nembo ina mwenyewe, na nchi ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mpenzi wa Yanga mwandikieni jina lake kwa kijani na njano. Kila mtu ataelewa.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndiko mnakotega masikio. Kigae chenye jina hakina mnunuzi wa pili. Mteja akikukimbia, huwezi kumuuzia mwingine jina la Subilaga. Kwa hiyo malipo ya awali yatangulie, yasipungue gharama ya vifaa vyote, na hata ndugu alipe. Mkiweka bei, hesabuni kigae, stika, tepu, spiriti, umeme, kisimamio, nauli, vile vilivyovunjika, na saa za mikono yenu. Wengi wenu mnasahau hilo la mwisho, kisha mnashangaa kazi ni nyingi na mfuko mtupu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mjue pia majira: fedha ya kakao ikilipwa, ndipo sherehe zinapopangwa, mwezi wa mahafali unajulikana, na kipaimara kina ratiba yake kanisani. Tengenezeni akiba ya vigae visafi na visimamio kabla ya wakati, majina yaje mwishoni.

Mashine ya kukatia stika si lazima kila mtu awe na yake. Watano wakiungana wanaweza kununua moja, na halmashauri zina utaratibu wa mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. SIDO nao wapo Mbeya, na kazi yao tangu shirika hilo lilipoanzishwa mwaka 1973 ni viwanda vidogo kama hiki chenu. Lakini msikope kabla ya kuuza. Uzeni kwanza kwa stika mnazokatiwa na fundi wa mabango. Mkiona wateja wanarudi, hapo ndipo mashine inakuwa na maana.

Kufunga mzigo ni nusu ya ufundi. Barabara ya kupanda Tukuyu ina kona zake, na kondakta hatambui kwamba boksi lako lina jina la mtu ndani. Wafungaji wetu wa zamani walijua thamani ya maganda makavu ya mgomba: ni mepesi, yanabonyea, hayana gharama. Funga kigae kwa karatasi kwanza ili nyuzi zisishike kwenye stika, kisha maganda pande zote, kisha boksi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na sioni sababu ya kuitamani. Vile vipande vya stika mnavyovitupa baada ya kukata msivichome uani. PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na watoto wenu ndio wanaocheza hapo. Msivipeleke mtoni pia, maana Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inaishia ziwani, na ziwani ndiko tunakovua. Vikusanyeni kwenye gunia, vidogo vitumieni kwa nukta na maua, vilivyobaki vipelekwe kunakokusanywa taka.

La mwisho linawahusu hata ambao hawatafanya biashara. Kama unatengeneza kigae kimoja tu kwa ajili ya mama yako, kaa chini ufikiri unachotaka kumwambia. Mtandao umejaa maneno matamu ya kubandika, nayo yote yanafanana. Andika neno ambalo ni lake na lako: jina la mtaa alikokulea, msemo anaoupenda, mwaka alioanza kuuza mchele sokoni ili ulipiwe ada. Andiko la Biblia au aya ya Kurani likichaguliwa, lifungue kitabuni ulisome lote, usitegemee kipande ulichotumiwa kwenye simu. Nimeona sura na mstari visivyolingana na maneno yaliyo juu yake, na kwenye nyumba ya mchungaji jambo hilo halijifichi. Maneno yawe machache. Kigae ni kidogo, na upendo ulioandikwa kwa mistari kumi hausomwi na mtu.

Wajukuu zangu, watu wengi huku kwetu jina lao liliandikwa mara chache maishani: kwenye daftari la shule, kwenye cheti cha ubatizo, kwenye kadi ya kura. Nyote mnaoshika kisu na stika mnawapa nafasi nyingine ya kuliona limeandikwa, safari hii kwa uzuri na kwa heshima. Basi ulizeni kabla ya kukata, safisheni kabla ya kubandika, chunguzeni kabla ya kutoa, na mseme ukweli kwa anayenunua. Kigae ambacho wewe mwenyewe usingethubutu kumpa bibi yako, usimuuzie bibi wa mwenzako.